Mashine haijui kipande kipi kikatwe kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo na la ndani ya karakana, lakini kwetu sisi tunaochonga mbao kwa mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, hapa Kampala ndilo linaloamua kama siku itaisha kwa faida au kwa rundo la kuni. Jambo hilo ni mfuatano wa mikato: kipi kikatwe kwanza, kipi kifuate, na biti, yaani kile chuma chenye meno kinachozunguka na kukata, ipite wapi inapotoka mkato mmoja kwenda mwingine. Kila ninaposoma habari za mashine hizi, huelezwa kwamba fundi huchora kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe, na mashine ikamaliza yaliyobaki. Kwa heshima zote, kati ya mchoro na kitufe kuna kazi nzima isiyotajwa, na vijana wengi wanaokuja kuomba kazi kwangu wakiwa na vyeti vizuri vya kuchora hawajawahi kuifundishwa.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, mashine ninayoizungumzia ni meza pana, mara nyingi yenye nafasi ya kulaza ubao mzima wa plaiwudi wa milimita 2440 kwa 1220. Juu ya meza hupita daraja la chuma lililobeba mota inayozungusha biti mizunguko hadi 18,000 au 24,000 kwa dakika. Mashine huelekezwa kwa mistari mifupi ya maandishi: G0 maana yake ni nenda haraka bila kukata, G1 ni kata kwa mstari ulionyooka kwa mwendo uliopangwa, G2 na G3 ni kata tao kwa kufuata au kupinga mwendo wa mshale wa saa, M3 ni washa mota na M5 ni izime. Mistari hiyo husomwa kutoka juu hadi chini, mmoja baada ya mwingine, kama mtoto anayesoma kwa kidole. Mashine haijui kwamba inatengeneza mlango. Haijui kwamba kipande ilichokikata dakika tatu zilizopita sasa kimelegea na kinacheza juu ya meza, wala haijui kwamba parafujo imekaa mahali inapoelekea.

Hali hiyo ni ya tangu mwanzo. Mashine ya kusaga vyuma iliyoongozwa kwa namba ilipoonyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, ilikuwa ikilishwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na aliyepanga matundu hayo ndiye aliyekuwa akipanga mfuatano wa kazi. Siku hizi utepe umeondoka na mistari huandikwa na programu, ambayo fundi huipa mchoro na maelezo machache tu. Kwa kuwa hatuandiki tena kwa mkono wetu, tumeanza kuamini kwamba mfuatano hujipanga wenyewe. Ukweli ni kwamba programu huupanga kwa kanuni fulani, na kanuni hiyo huenda ilichaguliwa na mtu ambaye hajawahi kuuona ubao wako.

Nitatoa mfano wa hasara yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mteja mmoja aliniagiza vibao 12 vya majina ya vyumba, vya mvule, kila kimoja chenye umbo la yai, uso ulioshushwa kidogo katikati, na jina lililochongwa ndani ya uso huo. Nilihitaji biti mbili. Biti bapa ya milimita 6 ingeshusha uso na pia kukata mzingo wa nje, na biti yenye ncha ya pembetatu ingechonga herufi. Kichwani mwangu kazi ilikuwa imepangika: kushusha uso, kuchonga herufi, na mwisho kabisa kukata mzingo. Hata kwenye skrini niliziorodhesha operesheni tatu kwa utaratibu huo huo. Kile ambacho sikukiangalia ni alama moja ndogo katika ukurasa wa kutoa faili, iliyoiruhusu programu kukusanya pamoja kazi zote za biti moja ili fundi asisumbuke kubadilisha biti mara mbili.

Basi biti bapa ilishusha nyuso zote 12, kisha bila kusita ikakata mizingo yote 12, ndipo mashine ikasimama na kuniomba biti ya herufi. Ubao ulikuwa umebanwa kwa parafujo kwenye kingo zake nne, na kingo hizo zilikuwa imara kama zilivyokuwa asubuhi, ila vibao vyenyewe vilikuwa vimekwisha kutengana na ubao mama na vimelala katika mashimo yao kama mayai katika trei. Kijana anayejifunza kwangu aliuliza, "Mzee, mbona vinacheza?" Nikamwambia aniachie, ninajua ninachofanya. Herufi ya kwanza ilipoguswa, kibao kilizunguka na kuruka. Cha pili kilinasa ncha ya biti na kuivunja kabla mkono wangu haujafika kwenye kitufe chekundu. Vibao kumi vilivyosalia niliviokoa kwa kuchonga kitanda cha umbo lile lile la yai katika kipande cha MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, nikavilaza kimoja kimoja na kuvibana kwa mkono, kazi iliyochukua siku nzima ambayo sikuweza kumtoza mteja.

Sikuilaumu programu wakati ule na siilaumu leo. Ilitakiwa kupunguza idadi ya kubadilisha biti, nayo ikaipunguza. Aliyejua kwamba kibao kisichoshikwa hakichongeki ni mimi, na mimi ndiye niliyekaa kimya. Tangu siku hiyo kazi ya biti bapa huigawa mara mbili, katika faili mbili tofauti, na ninakubali kuirudisha biti ile ile kwenye mota mara ya pili. Kwa mashine kama yangu, isiyo na kibadilishaji cha biti cha kujiendesha, kila ubadilishaji humaanisha kupima upya kimo cha ncha ya biti kutoka juu ya ubao, na hizo ni dakika chache ninazozilipa kwa moyo mweupe.

Wazee wetu waliofanya kazi kwa patasi na msumeno hawakuhitaji kuambiwa haya. Aliyenifundisha useremala, kabla sijaishika kompyuta, alikuwa akitengeneza fremu za milango, na miimo yake yote aliikata ikiwa mirefu kuliko mlango wenyewe, kila ncha ikiwa na kipande cha ziada alichokiita pembe. Matundu ya kupokea ulimi aliyatoboa pembe zikiwa bado zipo, kwa sababu tundu lililo karibu na kichwa cha ubao hupasua ubao huo patasi inapopigwa nyundo. Fremu ikishaunganishwa na gundi kukauka, ndipo pembe zilipokatwa. Alipopiga randa kingo nne za paneli, alianza na zile mbili za vichwani, ambako nyuzi za mbao hung'oka pembeni, ili randa ya kingo za urefu ije iondoe majeraha hayo. Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji nguvu ya ziada au chombo cha ziada. Yalihitaji kujua kipi kitangulie, na ujuzi huo sasa tunautupa mlangoni tunapoingia na mashine ya mamilioni ya shilingi.

Kanuni ya kwanza inayotokana na hayo ni kwamba kipande kibaki kimeshikwa na ubao mama mpaka kazi yake ya mwisho. Matundu ya ndani, vishimo vya bawaba, michongo na maandishi hutangulia. Mzingo wa nje hufunga. Programu nyingi za siku hizi zina chaguo la kukata ya ndani kabla ya ya nje, na wenzangu wanaoniambia kwamba barua hii imechelewa miaka kumi watakuwa na haki kwa kiasi hicho. Mimi pia hulitumia. Lakini chaguo hilo hutambua tu kwamba mstari mmoja umezungukwa na mwingine. Haliwezi kuona fundo katika mbao, haliwezi kukisia kwamba fundi amebana ubao upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili umepinda, na haliwezi kukuambia kwamba kipande chembamba cha katikati kitaanza kutetemeka mara tu jirani zake wawili watakapoondolewa.

Kuna kanuni nyingine ambayo programu huipenda sana, nayo ni ya njia fupi. Biti inapomaliza tundu moja, huenda kwenye lililo karibu zaidi, na kadhalika hadi ubao uishe. Kwa matundu mengi ya aina moja hilo ni jambo jema, kwani matundu 10 tu yanaweza kupangwa kwa namna 3,628,800, na hakuna fundi atakayeketi kuzilinganisha. Dereva wa boda aliyepewa mizigo ya Wandegeya, Ntinda, Nakawa na Entebbe hataanza Ntinda, aende Entebbe, kisha arudi Nakawa. Hata hivyo, dereva huyo huyo, akiwa amebeba trei ya mayai na gunia la saruji, ataangalia kwanza kipi kimewekwa juu ya kipi, kwa maana huwezi kushusha saruji iliyokaliwa na mayai hata kama mwenye saruji ndiye aliye karibu. Programu inayotafuta njia fupi peke yake haiangalii mzigo.

Njia yenyewe ina hatari zake hata pale ambapo mfuatano ni sahihi. Biti inapoinuka ili iende mahali pengine, huinuka hadi kimo cha usalama ambacho fundi amekiandika. Mara nyingi nimekuta mafaili yenye kimo cha milimita 5, ilhali vibano vilivyoushika ubao vina urefu wa milimita 25. Safari moja ya kukatiza kona ya meza hutosha kuivunja biti, na kibano hubaki na kovu. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya vidhibiti, yaani bongo zinazoendesha mashine, amri ya G0 haiendi kwa mstari ulionyooka: kila mhimili, ule wa urefu wa meza na ule wa upana wake, hukimbia kwa kasi yake ya juu kabisa, ule wenye safari fupi hufika mapema na mwingine huendelea peke yake, hivyo njia huwa na kiwiko ambacho hakikuonekana kwenye skrini. Fundi asiyejua jambo hilo ataapa kwamba mashine yake ina pepo.

Swali linaloleta ubishi mkubwa zaidi karakanani ni kama kina kikatwe kipande kwa kipande au tabaka kwa tabaka. Chukua plaiwudi ya milimita 18 yenye vipande 24 vya kabati la jikoni, na biti ya milimita 6 inayoshuka milimita 3 kila inapokizunguka kipande. Kila kipande kinahitaji mizunguko sita. Ukikata tabaka kwa tabaka, biti hupita juu ya vipande vyote 24 katika kina cha kwanza, kisha hurudi kuanza kina cha pili, na hadi mwisho huwa imesafiri kati ya vipande mara 144. Ukikata kipande kwa kipande, husafiri mara 24 tu. Ikiwa kuinuka, kwenda na kushuka huchukua sekunde nne, tofauti ni safari 120, yaani dakika nane kwa ubao mmoja, na kwa mwenye oda ya mbao thelathini hizo ni saa nne za umeme na mshahara. Hapo mtu atasema jibu liko wazi.

Haliko wazi. Anayekata kipande kwa kipande huanza kukidhoofisha ubao tangu dakika za mwanzo, na vipande vilivyokwisha kutengana huanza kuhama huku jirani zao wakikatwa. Anayekata tabaka kwa tabaka huuacha ubao ukiwa mzima mpaka mzunguko wa mwisho, na joto la biti husambaa, lakini hupoteza muda na hulazimika kuviamini vipande vyote vikae vizuri katika dakika ile ile ya mwisho ambapo vyote hulegea kwa pamoja. Mimi huchanganya. Hukata kipande kwa kipande hadi ubaki utando wa milimita moja chini, mbao zote zikiwa bado zimeshikana kwa utando huo. Kisha, katika operesheni ya pili, huukata utando kwa mwendo mwepesi, nikiacha vidaraja vitatu au vinne kwa kila kipande, yaani sehemu fupi zisizokatwa zinazokishika kwenye ubao mama, ambavyo huja kukatwa kwa patasi na kupigwa msasa. Vipande vidogo huvitanguliza kabla ya vikubwa, wakati meza bado ina nguvu ya kuvishika, na kama kuna meza ya kufyonza hewa utaratibu huo ni wa lazima zaidi, kwa kuwa kila mkato uliofika chini ni upenyo mpya wa hewa na mshiko hupungua kwa ubao wote.

Mwelekeo wa kukata nao ni sehemu ya njia, ingawa wengi huuacha kama programu ilivyoupanga. Biti huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Ikikizunguka kipande kwa nje kwa mwelekeo huo huo wa saa, meno yake huingia kwenye mbao kwa kukata kibanzi kinene na kutoka kwa chembamba. Ikienda kinyume, huanza kwa chembamba na kutoka kwa kinene, ikisukuma nyuzi kwenda nje. Namna ya kwanza huacha ukingo safi zaidi katika mbao nyingi lakini huivuta biti mbele, na mashine yenye mikanda iliyolegea hupotoka kwenye mstari. Namna ya pili ni tulivu kwa mashine dhaifu, ila kwenye kona za mvule na mkangazi hung'oa vibanzi ambavyo hakuna gundi itakayovirudisha. Kwa kazi nzuri mimi hukata kwanza kwa kinyume, nikiacha nusu milimita pembeni, kisha humalizia kwa mzunguko mmoja wa kufuata mwendo wa saa. Kwa tundu la ndani mielekeo hiyo hugeuzwa. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaofanya vingine, na sina ugomvi nao maadamu wanajua wanachokichagua na kwa nini. Mahali biti inapoanzia kuingia pia hupaswa kuchaguliwa: ishuke kwa mshazari, isitumbukie wima, na ianzie kwenye ukingo ulionyooka au upande utakaofichwa, kwa sababu alama ya mwanzo haipotei kabisa.

Majirani zetu wanaokata mabati na mabamba ya chuma kwa plasma, yaani hewa iliyopashwa umeme hadi ikayeyusha chuma, kama wale wanaopamba mageti kule Katwe, wana shida ile ile kwa sura nyingine. Kwao adui ni joto. Bamba jembamba likikatwa maua yote ya upande mmoja mfululizo hupinda kama karatasi iliyokaribia moto, na maua ya upande wa pili hukatwa mahali ambapo bamba halipo tena. Hivyo huwalazimu kurukaruka, huku na huku, wakiipoteza njia fupi kwa makusudi. Mwelekeo kwao hauna mjadala sana, kwa kuwa katika mienge mingi, yaani vichwa vinavyotoa plasma hiyo, hewa huzungushwa kwa namna ambayo upande wa kulia wa mwendo ndio hutoka ukiwa wima na ule wa kushoto hulala. Kwa sababu hiyo mzingo wa nje hukatwa kwa kufuata mwendo wa saa na matundu ya ndani kwa kuupinga, ili kipande kinachohitajika kiwe kulia daima. Tena hawapendi mwenge upite juu ya tundu lililokwisha kukatwa, maana kidonge cha chuma kilichobaki ndani huweza kuinua ukingo mmoja na kuugonga mwenge unapopita.

Sasa niseme la umeme, ambalo kwa karakana za hapa si jambo la pembeni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mota za hatua, zile zinazoisogeza biti huku na huko katika mashine nyingi za bei nafuu, husahau zilipokuwa. Mashine yenye swichi za mwanzo kwenye pembe zake hurudi kuzigusa na kujipima tena. Isiyo nazo huhitaji alama ya penseli na jicho zuri. Baada ya hapo ndipo huja kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko yote: fundi hutafuta mstari ambao mashine iliishia, huamuru ianzie hapo, na biti huteremka ikiwa haizunguki, kwa sababu M3 ya kuwasha mota iliandikwa juu kabisa ya faili na safari hii haikusomwa. Pengine hata kipimo cha milimita na kasi ya mwendo viliandikwa huko juu. Kwa sababu hiyo mimi hutoa faili fupi fupi, moja kwa kila hatua na kwa kila biti, nazipa majina yanayoanza kwa namba, 01, 02, 03, na ikitokea giza hurudia hatua moja tu tangu mwanzo wake. Kupita tena juu ya mkato uliokwisha kukatwa hakumdhuru mtu. Hukata hewa kwa dakika chache.

Ninachoomba si kikubwa, na ninawaelekezea walimu wa vyuo vya ufundi, wanaotunga mitihani, na wafanyabiashara wanaotuuzia mashine. Mafunzo niliyopewa siku mashine yangu ilipofungwa yalidumu nusu siku, tukachora ua, ua likachongwa kwenye MDF laini, tukapiga picha, wakaondoka. Ua moja katikati ya ubao halifundishi mfuatano, kwa kuwa halina kinachotangulia wala kinachofuata. Mwanafunzi apewe mchoro wa mlango wa kabati wenye vishimo vya bawaba, paneli iliyochongwa na mzingo, apewe penseli, na kabla hajagusa kompyuta aandike namba juu ya kila mkato, aonyeshe kwa mishale biti itapita wapi, na aeleze kila kipande kinashikwa na nini katika kila hatua. Baadaye, kwenye kompyuta, aoneshe kwamba faili iliyotoka inafuata namba zake, akitazama maigizo ya skrini hadi mwisho pamoja na safari zisizokata, kisha aiendeshe mashine biti ikiwa imeinuliwa juu ya ubao na kuangalia kwa macho. Mtihani wa aina hiyo, angalau sehemu yake ya penseli na kompyuta, unaweza kufanyika hata katika chuo chenye mashine moja mbovu, au kisicho nayo kabisa.

Ningeongeza jambo la lugha, kwa kuwa gazeti lako ni la Kiswahili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini, na katika karakana yangu kimekuwa lugha ya kazi siku nyingi kabla ya hapo, kwani yupo kijana wa Arua, yupo wa kutoka Kongo, na mimi mwenyewe ni Mganda. Lakini tunapofika kwenye skrini, kila mmoja anakariri neno la kigeni bila kulielewa, na aliyekariri jina la chaguo hawezi kueleza litafanya nini. Sisi tumejitengenezea msamiati wetu: ubao mama, utando, vidaraja, kimo cha usalama, kukata hewa. Sidai kwamba ndio maneno bora. Nasema tu kwamba tangu tuanze kuyatumia, vijana huuliza maswali ambayo zamani hawakuwa na maneno ya kuyauliza.

Yule kijana aliyeniuliza kwa nini vibao vinacheza bado yuko nami. Siku hizi namba za mfuatano tunaziandika kwa penseli juu ya ubao wenyewe, kila mkato na namba yake, kabla ya kuwasha chochote. Wiki iliyopita tulikuwa na ubao mrefu wa musizi, uliobanwa ncha moja tu kwa sababu ncha ya pili ilikuwa imepasuka, nami niliandika namba za vipande kuanzia karibu na kibano kwenda mbali. Nilipotoka kupokea simu na kurudi, nilikuta amezifuta zote na kuandika upya kuanzia ncha iliyo huru kuja kwenye kibano, ili kila kipande kinapokatwa ubao uliobaki uwe mfupi zaidi na imara zaidi. Alisimama kando akingoja nitasema nini. Nilimpa faili, nikamwambia aipange hivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Seremala wa Ndeeba,
Kampala